KIPEPEO ALIVYONIFUNDISHA KUSEMA "SIJUI"

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Kila mwaka walimu huombwa kuandika nasaha katika jarida letu hili. Mwaka huu sina nasaha ya kuwapa ninyi. Nimeonelea niandike nasaha niliyopewa mimi, tena nilipewa na mdudu mdogo na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Ni habari ya kosa nililolifanya mbele ya darasa hapa hapa Issuna, na ya safari moja ya milima ya Usambara iliyonionyesha ukubwa wa kosa hilo.

SWALI KATIKA SURATUL QAARIA

Mwaka 2014 nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize Diploma ya Masomo ya Kiislamu. Nilirudi nyumbani na cheti, kanzu mbili mpya na, Allah anisamehe, kiburi kidogo. Watoto walikuwa wakija madrasa alasiri baada ya shule, wengine wakitoka shambani moja kwa moja, na mimi niliona ni aibu kuulizwa swali nikakosa jibu. Nilidhani mwalimu akikosa jibu heshima yake inashuka.

Siku moja mwezi wa Machi, mvua zikiwa hazijakatika na alizeti zimeanza kutoa maua, tulikuwa tunahifadhi Suratul Qaaria. Mnajua namna sura hiyo inavyowafananisha watu siku ya Kiyama na farashi waliotawanyika. Nikaeleza maana kama nilivyofundishwa. Kijana mmoja wa miaka kumi na moja hivi, mpole, ambaye kawaida yake ni kukaa nyuma karibu na mlango, akanyoosha kidole.

"Ustadh, huyo farashi ni kipepeo au ni nondo?"

Lilikuwa swali zuri. Neno hilo la Kiarabu hutumika kwa wote wawili, na lau ningesema hivyo tu ingetosha. Lakini nikajibu haraka, "Ni kipepeo." Mwenzake akadakia, "Lakini Ustadh, wanaojitupa kwenye kibatari usiku ni nondo!" Darasa likacheka, na mimi nikahisi uso unapata moto.

Yule kijana hakucheka. Alifungua juzuu yake akatoa kipepeo aliyekauka, wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi zenye madoa meupe. Akasema amemkamata kwenye yale mawe makubwa nyuma ya mashamba. "Na huyu, Ustadh, anaitwaje?"

Nikasema, "Huyu anaitwa Farashatul Jabal. Ametajwa katika vitabu."

Wanafunzi wapenzi, hakuna kitabu. Jina lile nililitunga palepale. Neno la kipepeo nilikuwa nalijua, neno la mlima nilikuwa nalijua, na kijana alikuwa ametaja mawe. Nikayaunganisha, na darasa zima likarudia kwa sauti moja kama wanavyorudia aya: "Farashatul Jabal!"

Kosa la pili lilifuata baada ya wiki kadhaa. Nilipokuwa nasahihisha madaftari, nikakuta kurasa za nyuma za daftari la yule kijana zimejaa maandishi yasiyo ya darasani. Aliandika kwa mistari: Jumamosi, mchana, kwenye jiwe kubwa, wa njano. Jumatatu, asubuhi, kisimani, mdogo wa buluu. Alhamisi, juu ya ua la alizeti, mweupe mwenye ncha nyekundu. Kurasa nne. Nikamwita mbele, nikamwambia daftari la dini si la kuchezea, nikazichana zile kurasa nne. Hakusema neno. Alichukua daftari lake akarudi mlangoni.

SAFARI YA AMANI

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo dada yangu aliolewa Muheza, mkoa wa Tanga. Tulisafiri kwa basi kupitia Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze na Segera. Baada ya harusi shemeji yangu akaniambia, "Wewe mtu wa nchi kavu, usirudi kwenu bila kuona msitu." Tukapanda gari la abiria kwenda Amani, juu katika Usambara ya Mashariki.

Sisi tuliozaliwa Singida tumezoea mawe, vichaka na upepo wa kiangazi. Kule nilikuta ukungu saa nne asubuhi, miti inayodondosha maji bila mvua, na ubaridi wa kutaka koti. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na tangu mwaka 1997 msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini kilichonishangaza ni kuwa watu wa vijiji vya kule wanafuga vipepeo. Mradi huo ulianza mwaka 2003 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania. Wakulima wanapanda miti ambayo viwavi wanakula majani yake, wanaweka vipepeo ndani ya vibanda vya wavu, wanakusanya mayai, wanalea viwavi mpaka wawe pupa, na pupa wale wakawa wanauzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya nyumba za maonyesho. Mtu aliyepata ada ya mtoto kutokana na kiwavi hawezi tena kuukata ule msitu ovyo. (Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, wakulima hao walipata pigo kubwa. Lakini nilipofika mimi, kazi ilikuwa imechangamka.)

Katika kibanda kimoja tulimkuta mzee mmoja Mwislamu, kofia kichwani, mikono inatetemeka kidogo lakini akimshika kipepeo hatetemeki. Ujana wake alikuwa akiwabebea watafiti nyavu na kuwaongoza msituni. Tulisalimiana, nikamshika mkono, na aliposikia kuwa mimi ni mwalimu wa madrasa alifurahi sana. Na mimi, kwa kutaka kuonekana najua, nikamweleza habari za kipepeo wa Issuna mwenye rangi ya chungwa.

Mzee akaniuliza, "Bawa la nyuma lilikuwa na madoa meusi mangapi?"

Nikasema sikuhesabu.

"Madoa yalikuwa katikati ya bawa au ukingoni juu?"

Sikumbuki.

"Basi mwanangu, huwezi kujua ni nani. Hao wako wawili." Akanieleza. Kuna mmoja ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, hivyo ndege akimwonja humtema. Ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma. Na kuna mwingine ambaye jike lake limeumbwa kwa sura ileile ili ndege waliogope, ingawa lenyewe halina sumu. Huyu ana doa moja tu, ukingoni. Ajabu ni kuwa dume lake halifanani naye hata kidogo, ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. "Wawili wanaofanana si ndugu, na mume na mke hawafanani. Ukitazama kwa macho ya haraka utakosea mara mbili."

Baadaye nilisoma vitabuni kuwa wote hao wana majina siku nyingi. Wa kwanza ni Danaus chrysippus, jina alilopewa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1758. Wa pili ni Hypolimnas misippus, naye alipewa jina na Linnaeus huyohuyo mwaka 1764. Hao ni vipepeo wa kawaida kabisa, wanaoruka nchi nyingi za Afrika na Asia. Mimi nilikuwa nimemtungia jina kiumbe ambaye ana jina kwa zaidi ya miaka 250.

KILA MLIMA NA WAKE

Nikamwuliza mzee, "Sasa wale wapya kabisa wanajulikanaje?" Hapo ndipo akakaa kitako, na shemeji akajua kuwa gari la jioni litatuacha.

Kwanza, kwa nini wapya wako milimani? Milima ya Usambara ni sehemu ya safu ndefu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hadi Udzungwa na Mahenge. Misitu yake ni ya kale mno na hupata mvua kutoka Bahari ya Hindi, lakini kati ya mlima na mlima kuna nchi ya chini yenye joto na ukame. Kipepeo aliyezoea ukungu havuki nchi ile. Basi kila mlima umekuwa kama kisiwa, na katika muda mrefu ambao Allah pekee ndiye aujuaye, viumbe wa kisiwa hiki wakatofautiana na wa kile. Nasi wa Singida tunaweza kulielewa jambo hili: ukiwa Singida mjini siku ya anga safi unauona mlima Hanang umesimama peke yake, juu yake msitu wa ukungu, chini yake nyika kavu pande zote. Hicho ndicho kisiwa.

Majina yenyewe yanatoa ushahidi. Katika Usambara ya Mashariki kuna kipepeo aitwaye Cymothoe amaniensis, yaani wa Amani. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara ya Magharibi, yuko nduguye Cymothoe magambae, yaani wa Magamba, kule Lushoto. Wote wawili walipewa majina na Rydon mwaka 1980. Taita wana wao, Cymothoe teita, aliyepewa jina na van Someren mwaka 1939. Kule Rukwa, juu ya Sumbawanga, kuna Papilio ufipa, ambaye Carcasson, mtafiti wa jumba la makumbusho la Nairobi, alimwandika mwaka 1961. Na katika milima ya kaskazini mwa nchi yetu yuko Papilio sjoestedti. Huyu jina lake ni la Yngve Sjöstedt, Msweden aliyeongoza msafara wa utafiti Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Mwenzake Aurivillius ndiye aliyemwandika mwaka 1908.

Nilipoyasikia majina hayo nilisisimka. Amani, Magamba, Taita, Ufipa: vijiji na milima ya kwetu imo katika vitabu vya dunia nzima, na sisi hatuna habari.

Wala kazi haijaisha. Mwaka 1990 Jan Kielland, Mnorwei aliyetembea nchi hii miaka mingi, alitoa kitabu kikubwa cha vipepeo wa Tanzania, na ndani yake wamo zaidi ya 1,000. Baada yake wengine wameendelea kupatikana, hasa katika milima ambayo watafiti walikuwa hawajaifikia vizuri. Wala si vipepeo tu. Mnyama mkubwa kama nyani yule aitwaye kipunji, wa mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu katika Udzungwa, aliandikwa na wanasayansi mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua. Ikiwa kima mzima mwenye mkia na kelele alijificha mpaka 2005, kipepeo wa upana wa ukucha atakuwaje?

CHETI CHA KIPEPEO

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopigwa.

Mzee alichukua kipande cha karatasi, akakikunja kikawa bahasha ndogo ya pembetatu. "Kipepeo akikamatwa kwa utafiti," akasema, "anawekwa humu, mabawa yamefumbwa. Lakini kabla hujamweka, unaandika juu yake. Mahali. Urefu kutoka usawa wa bahari. Tarehe. Jina la aliyemkamata. Ukisema utaandika jioni, umempoteza."

Kisha hupelekwa kwenye makumbusho, kwa mfano Nairobi, London au Stockholm. Huko hulainishwa kwa unyevu, hutandazwa mabawa juu ya ubao, huchomwa pini ya kifuani, na chini ya pini huwekwa karatasi ndogo yenye maneno yaleyale: mahali, tarehe, aliyemkamata. Ndipo kazi ya kulinganisha inaanza. Mtafiti hutazama mishipa ya mabawa, papasi, rangi ya juu na ya chini, kwani upande wa chini wa bawa mara nyingi husema zaidi kuliko wa juu. Hufungua tumbo na kutazama viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, maana spishi zinazofanana kwa nje hutofautiana hapo. Tangu mwaka 2003, alipopendekeza Paul Hebert wa Kanada, wengi pia huchukua mguu mmoja na kusoma kipande kifupi cha vinasaba, herufi 650 hivi. Na hata vinasaba havihukumu peke yake. Ushahidi huwekwa pamoja.

Akiridhika kuwa ni mpya, bado jina halijakuwa jina. Ni lazima aandike maelezo yake: vipimo, rangi, tofauti yake na ndugu zake wa karibu. Ni lazima achague kielelezo kimoja, kinaitwa holotaipu, ambacho ndicho kitabeba jina hilo daima na kuhifadhiwa mahali panapojulikana, ili mwenye shaka aende akatazame mwenyewe. Kisha achapishe, watu wote wasome. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, na toleo lake la nne, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, halikubali jina la spishi mpya bila kutajwa kielelezo hicho. Na ikiwa wawili wamemwita mmoja kwa majina mawili, kwa kawaida jina lililotangulia ndilo linalosimama.

Kwa sababu hiyo hawana haraka. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walipima muda kati ya kukamatwa kiumbe kipya na kupewa jina lake, wakakuta kwa wastani ni miaka 21. Miaka 21 mtu anatazama, analinganisha, anauliza, wakati mwingine anakufa na kumwachia mwingine. Mimi jina langu lilichukua muda wa kumeza mate.

Nikamwuliza mzee, "Na kipepeo mzuri kabisa, lakini hana ile karatasi?"

Akatikisa kichwa. "Huyo ni pambo la ukutani. Uzuri wake haumsaidii. Hajulikani katoka wapi, kaletwa na nani. Hatolewi ushahidi."

Hapo nikanyamaza. Niliziona mbele ya macho yangu kurasa nne: Jumamosi, mchana, kwenye jiwe kubwa, wa njano.

ISNADI

Wanafunzi wa darasa la juu mmesoma Mustalah. Mnajua hadithi haipokelewi kwa utamu wa maneno yake. Huulizwa: nani kakusimulia, naye kasikia kwa nani, walikutana wapi, mkweli au si mkweli, anahifadhi au anasahau. Mnajua habari ya sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) aliyesafiri mwendo wa mwezi kwa ajili ya hadithi moja tu, aisikie kwa aliyeisikia. Na mnajua hukumu ya mwenye kutunga: hata nia yake ikiwa njema, alichotunga ni maudhui, ni cha kutupwa.

Sisemi kuwa maneno ya Mtume (S.A.W.) ni sawa na bawa la kipepeo. Hasha. Lakini adabu ya elimu ni moja. Tunasoma katika Suratul Baqara kuwa Nabii Adam (A.S.) alifundishwa majina, na malaika walipoulizwa wasichokijua hawakuona haya kukiri kuwa hawana elimu ila waliyofundishwa. Imam Malik, pamoja na ukubwa wake, alijulikana Madina kwa kusema "sijui" mara nyingi. Na wanavyuoni wetu hawakuwadharau wadudu: Al-Jahiz wa Basra katika karne ya 9 aliandika Kitabul Hayawan, na Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, aliandika Hayatul Hayawan akiwapanga viumbe kwa herufi za majina yao. Nilikuwa na urithi wote huo nyuma yangu, na bado niliona heshima yangu imo katika kutunga.

Na zile kurasa je? Yule mtoto hakufundishwa na mtu. Kwa akili aliyopewa na Mola wake alijua kuwa kitu kikionekana huandikwa siku na mahali. Alikuwa na isnadi mkononi, na ustadhi mwenye diploma akaichana.

KUREJEA

Nilirudi Issuna siku ya Ijumaa. Nikiwa bado na begi begani, nikasikia watoto wadogo ambao hata madrasa hawajaanza wakimkimbiza kipepeo kando ya njia: "Farashatul Jabal! Farashatul Jabal!" Uongo wangu ulikuwa umeshatoka darasani, umevuka mashamba, umeingia katika vinywa vya watoto wasionijua. Nikaelewa namna maneno ya kutungwa yanavyoenea.

Sitaki kuwadanganya tena: nilishawishika kunyamaza. Nilijiambia ni jina la kipepeo tu, halimdhuru mtu. Nilikaa siku nne. Siku ya tano, mwezi wa Septemba ukianza, nilisimama mbele ya darasa nikasema: "Jina nililowapa lile si la kweli. Halimo katika kitabu chochote. Nililitunga kwa sababu niliona haya kusema sijui. Nawaomba radhi, na kila aliyemfundisha mwenzake jina hilo akamwambie ustadhi kakosea."

Darasa lilikuwa kimya. Nilingoja heshima yangu ianguke. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo Ustadh, kumbe anaitwaje?" Nikasema, "Wako wawili wanaofanana, na mimi sikuhesabu madoa. Kwa hiyo sijui." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo darasani, na hakuna kilichoanguka.

Kisha nikamwita yule kijana, nikampa daftari jipya la kurasa mia moja nililolinunua Muheza. Nikamwambia, "Nisamehe zile kurasa nne. Hazikuwa mchezo. Naomba uziandike tena."

Akalichukua, akakaa mlangoni pake, akaandika muda mrefu. Aliponiletea, mistari ilikuwa mitano tu.

Nikauliza, "Nyingine?"

"Ustadh, nyingine nawakumbuka vipepeo lakini siku siikumbuki vizuri. Sikutaka kutunga."

Wallahi, sikuwa na la kusema. Mistari mitano kati ya kurasa nne. Iliyobaki niliipoteza mimi, na hairudi.

DAFTARI LIPO

Mwaka uliofuata familia ya kijana yule ilihama. Daftari alituachia, lipo katika kabati la madrasa pamoja na misahafu mibovu inayongoja kutengenezwa. Wanafunzi kadhaa wameandika humo tangu wakati huo. Ukurasa wa kwanza una mistari ile mitano. Wa pili kuna mstari niliouandika mimi kwa mkono wangu: "Kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha nyeusi, Machi 2014, kwenye mawe. Siku haijulikani. Madoa hayakuhesabiwa. Jina: hatujui."

Miaka miwili baadaye mwanafunzi mwingine alimwona wa namna hiyo juu ya ua, akamsogelea taratibu, akahesabu madoa manne katikati ya bawa la nyuma. Huyo tukamwandika jina lake, Danaus chrysippus, tarehe, mahali na jina la aliyemwona. Mmoja akaniambia, "Basi Ustadh, hata yule wa kwanza alikuwa huyu." Nikamwambia inawezekana, lakini hatukuona. Mstari ule ukabaki kama ulivyo.

Wanafunzi wapenzi, nchi yetu hii ya mawe na vichaka haijatembelewa na watafiti kama Usambara. Sisemi kuwa nyuma ya mashamba yetu kuna spishi mpya. Nasema kuwa akiwepo, atajulikana kwa mtu aliyetazama bila haraka na akaandika bila kutunga. Anayetaka kuingia katika kazi hii asiwakamate wadudu kwa mchezo wala kuwang'oa mabawa, kwani ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Atazame, ahesabu, kisha aandike mambo manne: siku, mahali, alikuwa juu ya mmea gani, na nani kamwona. Jina aliache wazi mpaka alijue.

Nanyi wazazi, mkikuta kurasa za nyuma za daftari la mtoto zimeandikwa mambo msiyoyaelewa, msome kwanza. Msiwe na haraka ya kuchana kama mimi.

Na wewe kijana wetu, popote ulipo, ikiwa jarida hili litakufikia: mawe makubwa bado yapo, na kila Machi wanakuja.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi zenye kusema kweli. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.